Konokono wa ziwani: Simu itamtambua, lakini haitakuambia kama ana kichocho

Siku hizi mtu akikuta kiumbe asichokijua ziwani, cha kwanza ni simu. Anapiga picha, anairusha kwenye grupu la WhatsApp au anaiweka kwenye programu ya kutambua viumbe kama iNaturalist. Kwa konokono wadogo wa Ziwa Victoria hiyo ni hatua nzuri, ila inakufikisha nusu ya njia tu.

Swali lenye uzito ni hili: je, huyu ndiye anayebeba kichocho?

Jambo lenyewe si dogo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya milioni 251 walihitaji tiba kinga ya kichocho mwaka 2021, wengi wao wakiwa Afrika. Kwa familia nyingi za Mwanza, Mara, Kisumu au Entebbe, ziwa ndiyo bomba, ndiyo kazi, ndiyo sehemu ya watoto kuogelea.

Mwangalie hivi

Wa kuwajua ni wa makundi mawili.

Biomphalaria: gamba lake ni bapa, limejizungusha kama kamba iliyoviringishwa juu ya meza. Mara nyingi halizidi ukucha wa kidole gumba. Huyu ndiye wa kichocho cha tumbo, kinachosumbua sana kandokando ya Ziwa Victoria.

Bulinus: gamba lina ncha. Elekeza ncha juu, mdomo wa gamba ukutazame. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, mshuku. Huyu anahusika na kichocho cha mkojo, ambacho Unguja na Pemba wanakijua vizuri.

Halafu angalia kifuniko. Konokono akijificha na kufunga mlango wake kwa kifuniko kigumu, hayumo kwenye makundi hayo. Mfano ni Lanistes: naye mdomo uko kushoto, anawachanganya wengi, lakini ni mkubwa zaidi na ana kifuniko.

Picha inapogota

Konokono hazaliwi na kichocho. Anaambukizwa pale kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa unapofika majini. Mayai yanaanguliwa, vimelea vinamwingia, vinazaliana ndani yake, kisha vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya binadamu.

Maana yake, konokono wawili wanaofanana kama mapacha wanaweza kutofautiana: mmoja ana vimelea, mwingine hana. Gamba halisemi. Maabara humweka kwenye maji safi penye mwanga, kisha hutazama kwa darubini kama vimelea vinatoka. Vipo pia vipimo vya vinasaba.

Ndiyo maana ujumbe wa "ufukwe huu uko poa, hawa siyo wenyewe" ni hatari. Vimelea vikishatoka vinaweza kuishi majini hadi saa 48 hivi, na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Kutomuona konokono hakumaanishi maji ni salama.

Mzigo uko wapi?

Ni rahisi kumtupia konokono lawama zote. Lakini mzunguko huu unaanzia kwetu: mwalo usio na choo, kijiji kisicho na maji ya bomba. Ukiua konokono bila kugusa hayo, wapya watakuja na watakuta mayai yanawasubiri.

Upande wa dawa kuna hatua. Praziquantel kwa miaka mingi ilielekezwa zaidi kwa watoto wa shule. Februari 2022 WHO ilishauri tiba kinga ianzie umri wa miaka 2, na watu wazima wahusishwe. Desemba 2023, Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni chanya kuhusu arpraziquantel, dawa ya watoto kuanzia miezi 3. Sasa kazi iko kwa serikali zetu: kuifikisha kwa mtoto anayeogeshwa kwa maji ya ziwa kila jioni.

Ufanye nini?

Usitumbukize mkono mtupu kumtoa. Piga picha, andika mahali na tarehe, mpelekee ofisa afya wa eneo lako. Kama huwa unaogelea, unafua au unavua hapo, nenda kapime hata kama huumwi. Na ukiona damu kwenye mkojo au choo, usisubiri majibu ya grupu.