Kanzu ya mjomba ilipotoweka Shimoni

Picha ya marehemu hairudiwi. Nalijua hilo kwa uchungu, maana picha ya mwisho ya mjomba wangu niliiharibu mwenyewe.

Ilikuwa Shimoni, mlangoni mwa lile pango la matumbawe ambamo yasemekana watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Jua la utosi. Mjomba kasimama na kanzu yake nyeupe pepepe, nyuma yake kiza cha pango. Kamera yangu ya dijitali iliona kile kiza kikubwa, ikadhani mwanga hautoshi, ikauongeza. Nyumbani nikakuta uso u vyema, lakini kanzu imekuwa doa jeupe: hapana tarizi, hapana mikunjo.

Baada ya mazishi nilimwendea mzee aliyempiga mjomba picha za harusi enzi za filamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione." Akaitazama, akatikisa kichwa. "Kwa filamu, hii ingepona."

Kwa nini? Katika negativu, cha kuhofiwa ni kiza. Pasipofika mwanga filamu hubaki tupu, na hakuna dawa ya kuokoa kitu. Mwanga ukizidi kiasi, kanzu bado imo. Fundi huweza kupunguza muda wa kusafisha filamu, au kuiongezea kanzu mwanga wakati wa kuchapa. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer waliipangia kazi hiyo ngazi 11, toka 0, kiza totoro, hadi 10, weupe mtupu. Mpiga picha alipima mwanga kwa kuangalia kiza, kisha akasafisha kwa kuangalia weupe.

Dijitali ni kinyume. Ndani ya kamera mna mamilioni ya vidude vinavyokinga mwanga kama vikombe mvuani. Kikombe kikijaa, tone la ziada halihesabiwi, tarizi imekwenda. Kizani, lakini, husalia kidogo kinachoweza kuinuliwa kwa kompyuta.

Basi pima kwa kanzu, si kwa pango. Punguza mwanga hadi mikunjo ionekane kiooni. Mwenye simu aguse penye weupe, na ikibidi ateremshe alama ya jua. Kamera ikikubali, hifadhi faili ghafi, ile iliyoandikwa RAW: hiyo ndiyo negativu yako. JPEG ni picha iliyokwisha kusafishwa, na mengi yametupwa. Kisha inua uso taratibu.

Kanuni ya wazee nayo haijafa: penye jua kali, weka lenzi 16, ISO 100, na mwendo wa 1/125 ya sekunde. Haidanganywi na pango.

Mzee alifungua mkebe, akatoa negativu ya ile harusi. Tuliichapisha upya. Tarizi ya kanzu yahesabika uzi kwa uzi, na ndiyo picha iliyotundikwa sebuleni kwa shangazi. Yangu ya Shimoni ningali nayo. Huitazama kila nishikapo kamera.