TUSIANDIKE "ZAWADI" JUU YA MALI YA BIASHARA



Wenzetu wanaotengeneza viungo vya paketi, sabuni ya karafuu na mafuta wamekwisha kupata wateja ng'ambo: Muscat, Dubai, London, na wengine hata Marekani. Khabari hii ni njema na twaifurahia. Lakini limeingia jambo moja lisilotupendeza, nasi twaona ni wajibu wetu kulisema wazi kabla halijatuharibia jina. Nalo ni desturi ya kuandika neno "zawadi" juu ya vifurushi ambavyo si zawadi hata kidogo, bali ni mali iliyouzwa na fedha zake zimekwisha kupokewa.

Ukiwauliza wafanyao hivyo, hutoa sababu tatu. Wa kwanza husema, "Mteja mwenyewe kaniomba." Wa pili husema, "Ushuru wa huko ni mkubwa." Wa tatu husema, "Kila mtu hufanya." Sababu hizi si za kupuuzwa, wala hatutaki kuwatukana wenzetu. Yatupasa tuzipime moja moja kwa haki.

Kwanza tufahamu fomu yenyewe. Posta zote za dunia zimefungamana katika Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi. Umoja huo ndio uliotoa zile fomu mbili anazotupa karani wa posta. Ndogo huitwa CN 22, nayo ni ya vifurushi vidogo visivyozidi kilo 2. Kubwa huitwa CN 23, nayo ni ya vifurushi vikubwa, na pia ya vidogo vyenye thamani kubwa. Zote mbili huuliza mambo yale yale: ndani mna nini, kiasi gani, uzito gani, thamani gani, mali imetoka nchi gani, na ni zawadi au ni mali ya kuuza. Chini yake mpelekaji hutia sahihi. Sahihi ile si pambo. Ni ushahidi wa mtu kwamba aliyoyaandika ni kweli.

Basi zawadi ni nini? Zawadi ni kitu mtu anachompa mwenziwe bila ya malipo. Mjomba wa Muscat akipelekewa viungo kwa ajili ya sikukuu, hiyo ni zawadi. Mjomba huyo huyo akituma fedha na kuagiza paketi hamsini za kuuza dukani kwake, hiyo ni biashara, ingawa ujomba haukuondoka. Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo, kwa kuwa wateja wetu wengi ni jamaa zetu. Lakini forodha haiulizi udugu. Yauliza kama mali imelipiwa.

Tuje kwenye ushuru. Ni kweli kwamba mambo yamekuwa mazito kuliko zamani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya vifurushi vyenye thamani isiyozidi euro 22 vilikuwa vikisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, lakini msamaha huo uliondoshwa tarehe 1 Julai 2021. Marekani ilikuwa ikiachia bila ya ushuru mali isiyozidi dola 800. Tarehe 29 Agosti 2025 ikausimamisha msamaha huo kwa nchi zote, hata posta nyingi za dunia zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya biashara viendavyo huko. Kilichobakizwa ni zawadi za kweli zisizozidi dola 100. Huko Uingereza zawadi isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi hiyo, na katika Umoja wa Ulaya kiwango cha zawadi ni euro 45.

Mwanachama akizisoma hesabu hizi ataona mara moja kwa nini neno "zawadi" limekuwa tamu. Lakini maofisa wa forodha nao wamezisoma, na kabla yetu. Wao wanajua kwamba mlango mmoja ukifungwa, watu hukimbilia ule uliobaki wazi. Kwa hiyo huutazama zaidi.

Wala ofisa hana haja ya kuwa mchawi ili agundue. Akifungua kifurushi akakuta paketi arubaini za namna moja, kila moja ina lebo na bei, atauliza ni nani anayempa mwenziwe zawadi arubaini zilizofanana. Tena khabari za kifurushi siku hizi hazisafiri nacho tu. Marekani ilitunga sheria mwaka 2018 ya kutaka khabari za fomu zipelekwe mbele kwa kompyuta, na Umoja wa Ulaya ulianza kutaka hivyo mwaka 2021. Kifurushi kingali njiani, na jina la mpelekaji, la mpokeaji na thamani vimekwisha kufika. Mtu mmoja akituma "zawadi" kumi kwa mwezi kwa watu kumi, itaonekana. Na kwa chakula, pamoja na viungo, mwenye kuuza Marekani hupaswa pia kuwapa taarifa wakubwa wa huko kabla mali haijafika.

Na uongo ukigunduliwa, nani huumia? Kwanza ni yule mteja aliyeomba. Yeye ndiye aliye karibu na mkono wa sheria ya nchi yake, naye ndiye atakayelipa ushuru pamoja na faini. Wa pili ni mpelekaji, maana mali huweza kuzuiwa, kurudishwa kwa gharama yake au kuharibiwa. Kifurushi kilichokamatwa na forodha kwa sababu ya maandishi ya uongo, posta haina dhamana nacho. Na hata kikipotea njia bila ya kosa la mtu, aliyeandika thamani ya dola 5 kwa mali ya dola 60 atadai fidia kwa hesabu gani? Wa tatu ni sisi sote. Juu ya kila paketi mmeandika jina la kisiwa chetu. Ofisa aliyedanganywa mara mbili na viungo vya Zanzibar, kifurushi cha tatu atakipasua hata kikiwa cha mtu mkweli.

Sisi wakulima wa karafuu tunalijua jambo hili kuliko wengine. Kituoni karafuu hutazamwa ukavu wake na usafi wake, na hutazamwa kama mna makonyo au mpeta. Mtu akificha mpeta chini ya gunia, hapunguziwi bei ya ule mpeta peke yake, bali gunia zima hutiliwa shaka. Fomu ya posta ni kama gunia. Neno moja la uongo huharibu yote ya kweli yaliyo pamoja nalo. Na dini yetu imetufundisha kutimiza kipimo na mizani. Kalamu nayo ni mizani.

Hapa hatuna budi kukumbusha jambo jingine. Sheria imelipa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, yaani ZSTC, kazi ya kununua karafuu za wakulima na kuziuza nchi za nje. Mwenye kutaka kutia karafuu ndani ya kifurushi cha biashara, hata zikiwa kidogo, aanze kwa kuuliza Shirika, ndipo aende posta. Neno "zawadi" haliwezi kuifuta sheria ya nyumbani wala ya ugenini.

Wengine hudhani pia kwamba palipo na bahari ndipo penye mpaka. Sivyo. Mwanachama mmoja ana mteja mwenye duka Galula, katika Mkoa wa Songwe. Kifurushi chake huvuka bahari, kikapita Dar es Salaam na Mbeya, na kufika Galula kingali ndani ya Jamhuri yetu ya Muungano. Lakini mwenye duka akikichukua mpaka Tunduma, akavuka kwa miguu kuingia Nakonde, amekwisha kuwa Zambia, na hapo forodha ina neno lake. Tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi mbili hizo hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja mpakani hapo. Basi mteja wa Galula tusimpe maneno matupu. Tumpe risiti na hati ya bei yenye kuonyesha mali ni nini na imetoka wapi, ili naye asiaibike akiulizwa.

Hatusemi kwamba kanuni hizi ni nyepesi. Zinamwelemea mwenye paketi ishirini kuliko mwenye makontena ishirini, na huo si uadilifu. Lakini dawa yake ni kusema kwa pamoja mbele ya wenye amri. Mwenye kuficha hawezi kushitaki, kwani akifungua mdomo ataulizwa vifurushi vyake.

Kwa hiyo twatoa shauri hili, wanachama walifikirie kabla ya mkutano ujao:

Mosi, kila mtu aandike kitu kwa jina lake kamili. Asiandike "viungo" tu, bali aandike "mdalasini mkavu, gramu 500", na atie namba ya forodha inayotumika dunia nzima. Karafuu ni 0907, mdalasini 0906, pilipili manga 0904, iliki 0908, sabuni 3401.

Pili, thamani iwe ile ile aliyolipa mteja, na nakala ya hati ya bei itiwe ndani.

Tatu, mteja aambiwe kabla ya kulipa kwamba ushuru wa kwao ni juu yake. Mteja aliyeambiwa mapema hukasirika kidogo. Aliyeshitukizwa mlangoni kwake harudi tena.

Nne, mafuta yasifungwe kabla ya kumwuliza karani, kwa kuwa mafuta mengi ya manukato hushika moto na ndege hazipendi kuyachukua. Na kwa mimea mikavu, aulizwe kama nchi ile yataka cheti cha afya ya mimea.

Tano, Chama kiweke daftari moja la vifurushi vyote vya ng'ambo: tarehe, nchi, thamani, ushuru uliotozwa, na kilichozuiwa. Mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari hilo ndilo tutakalokwenda nalo posta na serikalini kuonyesha mzigo tunaobeba, nasi tutasikilizwa kwa kuwa kila mstari wake utakuwa wa kweli.

Mwenye rai nyingine ailete mkutanoni. Wa billahi tawfiki.

Katibu