Hiyo Herufi Nono Mnayoiita ya Kitambo

Wasee, tuongee kuhusu ile herufi nono. Unaijua tu. Nene, mviringo, vimiguu vyake vimefura kama mandazi yametoka kwa karai saa hii. Iko kwa menyu ya mikahawa ya Nairobi yenye taa za manjano, iko kwa fulana, iko kwa posta za sherehe. Inaitwa Cooper Black, na mimi imenilipia nyumba zaidi ya mara moja.

Ilichorwa Chicago na Oswald Cooper, ikatolewa 1922 na Barnhart Brothers & Spindler, kampuni ya kumwaga herufi za chuma. Kazi yake ilikuwa moja: ikuvute macho kutoka mbali. Ndiyo maana ukiandika nayo aya nzima inakuwa uji. Maneno mawili, matatu, wachana nayo. Miaka ya 60 na 70 ikavuma tena, cheki jalada la Pet Sounds ya Beach Boys, 1966. Hata jina la easyJet ubavuni mwa ndege ni hiyo hiyo.

Sasa mteja anakuja, "nataka kitu ya kitambo, ya kwetu," namtolea Cooper Black. Ya kwetu wapi? Hicho ni kitambo cha Chicago. Kitambo chetu kiko kwa ukuta wa bucha: NYAMA CHOMA nyekundu, kivuli cheusi, herufi za mwisho zimebanana juu ukuta uliisha.

Mwaka jana nilimtengenezea mama wa chipo bango. Elfu moja mia tano, dakika arobaini. Nilikuwa nimetoka kampasi bila karatasi yoyote na hiyo doo niliihitaji vibaya. Siku ya kulipigilia ndio nikaona linafunika maandishi ya brashi. Aliyeyachora alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mkebe wake wa rangi. Hakunitusi. Aliuliza tu, "Kijana, hiyo S umechora na mkono?" Nikamwambia ni kompyuta. "Iko sawa. Tumbo la chini limezidi kidogo."

Mtasema soko ni soko. Sawa, lakini huyo Cooper naye alikuwa nani? Msee wa kuchora. Alienda Chicago kusomea uchoraji wa picha, akaishia kwa herufi, akawa anaandikia watu matangazo kwa mkono. Halafu kampuni ikachukua huo mkono ikaumwaga chuma, na jina lake likabaki juu. Fundi wetu anafunikwa na bango langu, na jina lake hakuna anayeuliza.

Kwa hivyo nimemwomba anichoree A hadi Z kwa karatasi za manila, herufi kubwa pekee. Nitazipiga picha, nizigeuze fonti, iitwe jina lake, ikiuzwa tugawane nusu kwa nusu. Amekubali, ila anataka elfu tatu mbele. Ako sahihi. Niko na elfu moja mia nane. Na Q amekataa kabisa, anasema miaka yote kwa hii mitaa hajawahi kuombwa hata moja.