Vijana wa Marsabit wafunzwe kuhudumia mitambo ya upepo

Kila kiongozi anayezuru Marsabit hutuambia kwamba kawi safi italeta ajira. Sisi wa upande huu wa Ziwa Turkana tunauliza: ajira gani, na ya nani?

Karibu na Loiyangalani pana mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliizindua Julai 2019, na umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Barabara ya kutoka Laisamis nayo ilitengenezwa ili mitambo ifike. Hilo tunalishukuru, na aliyewahi kuipita barabara ile zamani hawezi kulibeza.

Lakini miradi ya kawi huajiri wengi wakati wa ujenzi: kuchimba mitaro, kubeba kokoto, kulinda ua. Ujenzi ukiisha, vibarua hurudi nyumbani. Kazi inayobaki ni ya wachache wanaojua kupanda mnara kwa usalama, kukaza bolti, kubadilisha oili ya giaboksi na kusoma takwimu za mtambo kwenye kompyuta. Kijana wa jirani yangu ana diploma ya umeme. Mwanakandarasi mmoja alimpa sururu, akamlipa kwa siku.

Nimeisoma Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Inamtaka mwekezaji awasilishe kila mwaka mpango wa kutumia wafanyakazi na bidhaa za humu nchini. Vyema, ila fundi kutoka Nairobi au Kisumu anatosha kutimiza sharti hilo. Tena sheria hiyo hiyo, kwa mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, inatenga asilimia 20 ya mrabaha kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo. Upepo haukutengewa kitu. Labda waliotunga sheria walidhani upepo hauna mwenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wetu hawana ujuzi unaotakiwa. Ni kweli kwa wengi wao. Basi wafunzwe! Mkataba wa kuuza umeme wa mitambo hii ni wa miaka 20, na muda huo unatosha kumtoa mtoto chekechea hadi awe fundi kamili.

Naiomba serikali ya kaunti ianzishe kozi za mitambo ya upepo na ya sola katika vyuo vyetu vya kiufundi, na sehemu ya basari ielekezwe huko. Wabunge wetu nao wairekebishe sheria: kila mpango wa mwaka utaje idadi ya mafundi, si vibarua, watakaotoka katika kaunti yenye mradi, na usomwe katika baraza la chifu ambapo wazee na vijana wataweza kuhoji. Hayo yafanywe kabla ya mwekezaji mwingine kupewa leseni huku kwetu.

Mkazi wa Loiyangalani,
Kaunti ya Marsabit