Ngazi ya mawe na majina ya nyanya zetu

Wiki hii tunasafiri mbali, mpaka Honduras, katika Amerika ya Kati, karibu na mpaka wa Guatemala. Kule kuna mji mdogo wa milimani unaoitwa Copán Ruinas.

Mgeni akishuka kwa basi, anakuta barabara za mawe zinazopanda na kushuka. Mwenye kuijua Bukavu hawezi kushangaa. Pikipiki za magurudumu matatu zinabeba watu. Wamama wanapika mikate myembamba ya mahindi, maana kule mahindi ni chakula cha kila siku, kama bugali kwetu.

Akitembea karibu kilomita moja, anafika kwenye mabomoko ya mji wa kale wa Wamaya. Wafalme 16 walifuatana pale, kuanzia mwaka 426. Walijenga ngazi kubwa yenye vipandio zaidi ya 60, na juu ya mawe wakachonga alama karibu 2,200. Ni historia ya ukoo wao. Hakuna maandishi mengine ya Wamaya yanayojulikana ambayo ni marefu kuliko hayo.

Lakini mji ukaachwa, msitu ukaota, mawe mengi yakaanguka. Katika miaka ya 1930 mafundi waliyapandisha tena. Shida ni kwamba wakati ule hakuna aliyeweza kuyasoma kikamilifu. Vipandio vya chini tu ndivyo vilikuwa vimebaki mahali pake. Vingine vingi viliwekwa bila mpangilio sahihi. Leo wataalamu wanasoma alama, lakini habari yenyewe imechanganyika.

Wajukuu wa Wamaya wangali pale. Wanaitwa Wachorti, wanalima mahindi na maharagi katika vijiji vya jirani. Wamama wanatengeneza wanasesere kwa maganda ya mahindi, na watoto wanawauzia wageni. Kichorti ni ndugu wa karibu wa lugha iliyochongwa kwenye mawe yale, na kiliwasaidia wataalamu kuyasoma. Ngambo ya Guatemala kingali kinasemwa. Lakini upande wa Honduras karibu wote wanasema Kispanyola tu. Lugha inayofungua mawe imetoka nyumbani.

Wamama, habari hii ilitugusa sisi walimu. Darasani tuliwaomba watoto watusalimie kwa lugha ya nyanya zao, au tate kama wengi tunavyowaita. Wachache waliweza. Wengine walicheka kwa haya. Tulipouliza jina la mama ya nyanya, darasa lote likanyamaza.

Hatumlaumu mama yeyote. Kiswahili kinatuunganisha sokoni, Kifaransa kinahitajika shuleni. Lakini mtoto anaweza kubeba lugha tatu bila kuchoka. Anayechoka haraka ni mzee: siku akiondoka, hakuna fundi atakayepandisha mawe yale.

Basi tufanye hivi. Jioni moja wiki hii, wakati chungu kiko motoni, tumwite mtoto na kaye yake. Aandike jina la nyanya, la mama yake nyanya, na kijiji walikotoka. Aandike pia salamu moja na methali moja kwa lugha yao. Kama nyanya yuko mbali, tumpigie simu.

Na kila ukurasa tuutie namba, ili kesho wajukuu wasisome vipandio vilivyochanganyika.