Kifo Huchagua

Huku kwetu, tangu Masasi hadi Newala mlimani, kila msiba una hotuba yake. Mzungumzaji husimama, akakohoa kidogo, akasema kifo hakina ubaguzi: tajiri atakufa, maskini atakufa, na siku ikifika imefika. Waombolezaji hutikisa vichwa kukubali. Mimi nimechoka kutikisa kichwa. Kwamba sote tutakufa, hilo halina mjadala. Lakini lini, kwa ugonjwa gani, na baada ya kuzika watoto wangapi, hapo kifo huchagua, tena kwa macho makavu.

Tazama mapaa. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Maji yako mabondeni, chini kabisa ya mlima. Mwenye nyumba ya bati na kisima cha saruji uani huvuna mvua akaihifadhi. Mwenye nyumba ya nyasi hana cha kukingia; mkewe hununua maji kwa ndoo au huyafuata bondeni, na mtoto hunywa yatakayopatikana. Bati huku si pambo, ni kinga ya kuhara. Nilipokuwa mwalimu mkuu, majina niliyoyakata katika daftari la mahudhurio kwa sababu ya kifo yalikuwa karibu yote ya watoto wa nyumba za nyasi. Sikumbuki kukata jina la mtoto wa mwenye duka. Je, Mungu naye hutazama mapaa?

Na mama zao je? Mwaka 2015 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliotokana na hesabu ya kaya ya mwaka 2007 katika wilaya 5 za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwemo. Kwa wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilivyosababishwa na uzazi wenyewe vilikuwa 111 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa walioishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422.

Atatokea msomi aniambie: Mwalimu, huo ni umbali, si tabaka. Vema. Basi aniambie ni kigogo gani amejenga kilomita 35 kutoka hospitali, na kama amejenga, hana gari? Mkulima wa korosho ana fedha msimu mmoja tu wa mwaka, na uchungu wa kuzaa haungoji mnada. Serikali ilipoanza kuchangisha wananchi gharama za matibabu mwaka 1993, ilisema wajawazito na watoto wadogo watatibiwa bure. Jambo jema. Ila bure hiyo huanzia mlangoni mwa zahanati. Pikipiki ya usiku hailetwi na waraka.

Wala tusidhani ni ushamba wetu. London, kuanzia mwaka 1967, wataalamu walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali. Wote walikuwa na mshahara, na matibabu nchini humo yalikuwa bure tangu 1948. Hata hivyo matarishi na wenzao wa ngazi ya chini walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wao. Ofisi moja, ngazi mbalimbali, makaburi mbalimbali.

Mimi mwenyewe ni mstaafu mwenye kadi ya bima. Mfuko ule ulianza mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, nasi tulikatwa asilimia 3 ya mshahara. Nikiugua, napokelewa. Jirani yangu aliyelima miaka yote hiyo, na korosho zake zikalipa ushuru uliojenga ofisi zetu, hakukatwa kitu, na kadi hana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inasema wasio na uwezo watagharamiwa. Ili ugharamiwe, lazima kwanza uandikwe. Orodha hiyo itakaposomwa kijijini kwetu nitakuwa mkutanoni, na daftari langu mkononi, nisikie kama nyumba za nyasi zimo.