Sikoseli imepata tiba, kipimo cha kabla ya ndoa kibaki

Tangu Januari 2025 jamaa zangu wa Maskati wananipigia simu hapa Birmingham na swali moja: ni kweli sikoseli imepata tiba? Ni kweli. Mwezi ule NHS ya Uingereza ilikubali kutoa tiba ya Casgevy, na Birmingham ni miongoni mwa miji yenye vituo vyake. Kwa upande wa Ghuba, Bahrain iliiidhinisha Desemba 2023 na Saudia Januari 2024.

Madaktari huchukua chembe mama za damu ya mgonjwa mwenyewe. Maabara huikata jeni iitwayo BCL11A kwa mkasi wa CRISPR. Jeni hii ndiyo inayozima himoglobini ya mtoto wa tumboni. Ikitiwa kasoro hiyo ya makusudi, himoglobini ile hurudi na chembe haziendi upande kama mundu. Kabla ya kurudishiwa chembe zake, mgonjwa hupewa kemo kali inayoweza kudhuru uzazi.

Lakini jeni ya sikoseli yenyewe haikuguswa, wala mkasi haufiki kwenye mbegu za uzazi. Aliyetibiwa akifunga ndoa na mwenye jeni moja ya sikoseli, kila mimba ina nusu ya uwezekano wa kuzaa mgonjwa.

Sisi tunaooana ndani ya ukoo tusijidanganye. Bei rasmi ya tiba hiyo Uingereza ni pauni milioni 1.65. Kipimo cha damu kabla ya posa ni rahisi mno, na si aibu.